Jeshi la nchi nzima linashindwaje na waasi elfu chache? Tuelezane taratibu

Tangu Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, ianguke mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025 kuna swali halijaisha hapa Arusha. Utalisikia kwenye hiace ya Kwa Mrombo, utalisikia kwa wazee wa kahawa pale soko la Kilombero, ukishuka Moshi unalikuta stendi. Inakuwaje nchi yenye jeshi, ndege za vita, bajeti na kiti UN inanyang'anywa mji wa watu zaidi ya milioni moja na kundi ambalo miaka michache nyuma lilikuwa limejificha milimani? Majibu ya kijiweni unayajua. Kuna wa "mabeberu hao", kuna wa "madini tu hakuna kingine", kuna wa "hapo ni dini", alafu hakosi mmoja wa kusema Wakongo wanajua muziki tu, vita hawaiwezi. Hilo la mwisho nilitupe mapema kabisa maana ni utani wa kijinga, mwanajeshi aliyekaa kwenye handaki pale Sake, karibu na Goma, hajalipwa na hajala hakuwa anacheza muziki.

Hayo mengine yana ukweli ndani yake, ila kila moja ni kipande tu, na ukishika kipande kimoja hutaelewa kwanini hadithi ileile imetokea Iraki, Afghanistan, Somalia, Msumbiji, Syria, nchi ambazo hazifanani dini, hazifanani madini na hazifanani maadui. Na sisi wa Arusha hili sio la kuangalia kwenye TV tu. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo hapa, Kongo imeingia 2022, Somalia ikakubaliwa kwenye mkutano wa marais uliofanyika hapahapa Arusha Novemba 2023. Yani kwenye nchi nane za jumuiya yetu angalau mbili zina maeneo makubwa ambayo serikali yake haiyafiki.

Tuanze na maneno. Nikisema kundi la wanamgambo namaanisha watu wenye silaha na uongozi wao wenyewe ambao hawapo chini ya jeshi la serikali. Serikali itawaita magaidi, wao watajiita wakombozi, mimi hapa nitasema kundi au waasi na huo ubishi wa majina tuuache. Alafu kuna maneno mawili watu wanayachanganya kila siku, kuteka na kushikilia. Kuteka mji ni kuingia na silaha na kufukuza waliokuwepo, inaweza kuwa kazi ya usiku mmoja. Kushikilia ni kuwa wewe ndo unayeamua nani apite, nani alipe, nani ana haki ya kiwanja kile, kesho na keshokutwa na mwakani. Ramani za kwenye habari zinapakwa rangi kwa kuangalia la kwanza, wakati vita vinaamuliwa na la pili.

Sasa chukua stendi yoyote ya hiace. Halmashauri ina mtu wake wa kukata ushuru, kuna foleni, kuna mgambo, mambo yanaenda. Ikatokea yule wa ushuru akaacha kuja kwasababu hajalipwa miezi. Mgambo anakuja siku akiwa na njaa, anamkamata konda, anachukua elfu tano, anaishia zake. Makonda wawili wakigombania abiria hamna wa kuamua, ukipeleka kesi ofisini inakaa mpaka unaisahau. Baadae wanajitokeza machalii watano wanasema sisi tutapanga foleni, kila gari buku kwa siku, ukilipa asubuhi husumbuliwi mpaka usiku, atakayevunja foleni atatujua. Madereva hawawapendi hao machalii, wengine wanawaogopa kabisa, lakini wanalipa, kwasababu buku inayojulikana ni nafuu kuliko elfu tano isiyojulikana itakuja saa ngapi. Mwaka ukipita halmashauri inaikumbuka stendi yake inakuta machalii wana kitabu cha risiti. Sasa niambie, stendi ilichukuliwa lini? Siku machalii wamejitokeza au siku yule wa ushuru alipoacha kuja?

Mimi nasema siku alipoacha kuja. Na karibu kila nchi ambayo kundi limechukua ardhi kwa kasi, ukirudi nyuma miaka mitano au kumi unaikuta hiyo siku.

Askari hewa

Sisi Tanzania tunawajua wafanyakazi hewa, wale wa majina kwenye mishahara bila mtu. Basi jeshini pia wapo na huko madhara yake ni vifo. Juni 2014 mji wa Mosul, wa pili kwa ukubwa Iraki, ulianguka ndani ya siku chache mikononi mwa ISIS, lile kundi la waliojiita Dola la Kiislamu, ambao walioingia mjini ni wachache sana ukilinganisha na vikosi vya jeshi na polisi vilivyoandikwa kwamba vipo pale. Neno la kuzingatia ni vilivyoandikwa. Novemba mwaka huohuo waziri mkuu mpya Haider al-Abadi akasimama bungeni akasema wamekuta wanajeshi hewa 50,000 kwenye vikosi vinne tu. Elfu hamsini! Mishahara yao ilikuwa inatoka kila mwezi, inaishia kwa makamanda.

Afghanistan hivyohivyo. Marekani ilitumia zaidi ya dola bilioni 80 kulijenga lile jeshi na polisi wake, kwenye vitabu walikuwa kama 300,000. Aliyekuwa waziri wa fedha, Khalid Payenda, alikuja kusema baada ya kila kitu kuanguka kwamba wengi wa hao hawakuwepo. Na waliokuwepo kweli, wengine walikuwa kwenye vituo vya polisi vijijini bila mshahara, bila chakula cha kutosha, wanasubiri risasi ambazo hazifiki. Mji mkuu wa mkoa wa kwanza kuanguka mikononi mwa waasi wa Taliban ulikuwa Zaranj, Agosti 6, 2021. Kabul ikaanguka Agosti 15. Siku tisa.

Inavyofanyika ni rahisi mno na ndo maana haiishi. Kamanda anasema ana watu 800, anapewa fedha ya watu 800, kiukweli anao 450. Tofauti anaiweka mfukoni, na ili aendelee kuiweka lazima wakubwa wake nao wapate. Kongo tatizo hili lilikuwa kubwa kiasi kwamba Umoja wa Ulaya ulileta wataalamu kuanzia 2005 kazi yao kubwa ikiwa kutenganisha njia ya mshahara na njia ya amri, yani fedha ya askari isipitie mkononi mwa bosi wake. Kulikuwa na mafanikio kiasi, ila askari wa kawaida wa Kongo aliendelea kulipwa hela ya kubangaiza, kama dola 100 kwa mwezi. Wakati huohuo serikali ilikuwa imekodi wazungu, wengi Waromania, waje kusaidia ulinzi wa Goma, na mikataba iliyoonekana na waandishi ilitaja dola 5,000 kwa mwezi kwa wale wenye uzoefu. Goma ilipoanguka Waromania karibu 300 walijisalimisha wakarudishwa kwao kwa kupitia Rwanda. Wewe ni koplo wa Kongo una watoto watano, unapigana bega kwa bega na mtu anayelipwa mara hamsini yako. Utakufa kwa ajili ya nani?

Askari asiyelipwa hakai tu. Anauza mafuta ya gari, anauza risasi (na mnunuzi wa kwanza wa risasi ni yuleyule adui), anaweka kamba barabarani anakamua mama wa maharage. Hapo ndo inapoanza hasara kubwa kuliko zote ambayo haionekani kwenye hesabu ya silaha, wananchi wanaacha kumpa habari. Vita vya namna hii vinategemea mama wa maharage akwambie jana usiku watu mia mbili wamepita kwenye migomba wanaelekea darajani. Akinyamaza wewe una droni na kila kitu ila huoni.

Hesabu ya kulinda na hesabu ya kushambulia

Watu wanauliza elfu mbili wanashindaje elfu kumi. Tuseme serikali ina askari 10,000 wa ukweli, sio hewa. Inatakiwa ilinde madaraja, viwanja vya ndege, miji, migodi, barabara, tuseme sehemu 100. Ukigawa kila sehemu inapata askari 100. Kundi lina watu 2,000 lakini lenyewe halilindi kitu, linachagua. Usiku mmoja linakusanya 600 linaenda kwenye daraja moja. Pale darajani wao ni sita kwa mmoja. Askari wa sehemu nyingine 99 hawana msaada, barabara mbovu, helikopta ni mbili na moja haina spea. Wakishalichukua daraja wanapata silaha za waliokimbia, na kesho ni wanene zaidi.

Kwa Kongo ongeza jiografia. Nchi ina kilomita za mraba zaidi ya milioni 2.3, Kinshasa na Goma zinatengana zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege, na barabara ya kueleweka ya kuziunganisha haipo. Kigali mpaka Goma ni safari ya masaa matatu hivi kwa gari, lami. Mfanyabiashara wa Goma mzigo wake unatoka Mombasa au Dar, na Kinshasa ameiona kwenye TV.

Alafu kuna kitu cha kichwani ambacho ndo kinaeleza ile kasi ya ajabu. Askari yeyote anajiuliza jambo moja, hivi wenzangu watapigana? Kama jibu ni ndiyo anabaki, kama jibu ni hapana basi kubaki ni kufa bure. Kwahiyo mji mmoja ukianguka vibaya, wa pili unaanguka kabla hata ya risasi, simu zinapigwa, wazee wa ukoo wanaitwa wapatanishe, watu wanavua magwanda. Taliban walifanya hivyo wilaya kwa wilaya baada ya makubaliano yao na Marekani yaliyosainiwa Doha Februari 2020, ambapo kila mtu alishajua Mmarekani anaondoka, wakawa wanawafuata makamanda mmoja mmoja, acha silaha chukua nauli nenda kwenu. Syria nayo, vita vya miaka 13, alafu kundi la waasi la HTS na wenzake wakaanza kusukuma Novemba 27, 2024 na Desemba 8 Damascus imeisha. Waliokuwa wakimbeba rais Assad walikuwa hoi, Urusi ilikuwa imebanwa na Ukraine, Hezbollah wa Lebanon wametoka kupigwa na Israel, na askari wa Assad walikuwa na mishahara ya kuchekesha. Desemba 4 Assad akatangaza nyongeza ya asilimia 50 kwa wanajeshi. Siku nne baadae hayupo nchini. Rais Tshisekedi wa Kongo naye aliongeza mara mbili mishahara ya askari Machi 2025, Goma na Bukavu zikiwa zimeshaondoka. Sijui kwanini hii hela huwa inapatikana baada.

Ushuru na kesi za viwanja

Hapa ndo watu wengi hawapajui na ni patamu. Kundi likishaingia mahali, bunduki peke yake haitoshi kukaa, linahitaji hela ya kila mwezi na linahitaji watu wasigeuke. Al-Shabaab wa Somalia ndo mfano uliokomaa. Walifukuzwa Mogadishu Agosti 2011, wakapoteza bandari ya Kismayo 2012 ambako walikuwa wanakula hela za mkaa unaosafirishwa Uarabuni, na wengi tulidhani ndo mwisho. Wachunguzi wa UN wanakadiria wanakusanya zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka. Wanazipata wapi? Vizuizi vya barabarani. Dereva wa lori akipita kwao analipa mara moja anapewa risiti, na kizuizi kinachofuata akionyesha ile risiti anapita. Akipita upande wa serikali na wanamgambo wa koo analipa kila kona, kila mtu na bei yake. Hata waagizaji wa mizigo bandari ya Mogadishu, mji ambao serikali ndo imeukalia, wamekuwa wakilipa al-Shabaab, maana wanapigiwa simu na anayepiga anajua kontena lina nini. Kwenye ramani Mogadishu ina rangi ya serikali.

Na mahakama. Kuna watu wanaishi Mogadishu penye mahakama za serikali ila wakigombania kiwanja wanasafiri kwenda kwenye mahakama ya al-Shabaab nje ya mji, kwasababu kule kesi inaisha, hakimu hanunuliwi kirahisi na hukumu inatekelezwa. Taliban walijijenga vijijini miaka yote ile kwa njia hiyohiyo. Nisieleweke vibaya, hawa ni watu wanaoua, wanaolipua masoko, wanaokata mikono, na Taliban wamefungia wasichana sekondari. Hukumu inatekelezwa kwasababu wote wanajua ukikaidi utauawa. Lakini mtu mwenye kesi ya ardhi ya baba yake iliyokaa mahakamani miaka minane hachagui kati ya kizuri na kibaya, anachagua kati ya kinachoisha na kisichoisha.

Ndo maana uongo wa kwanza wa kuutoa kichwani ni huu wa "wananchi wanawapenda". Hapana. Na ule wa kinyume chake, kwamba wote ni mateka wanaosubiri kukombolewa, nao haukai vizuri. Walio wengi wanafanya hesabu ya kuishi, nani ana nguvu hapa leo, na je kesho aliyeondoka atarudi aniulize kwanini nilimpa maji huyu. Serikali ikija mchana ikaondoka jioni, mwenye usiku ndo mwenye kijiji.

Madini, dini, jirani

Madini yana mchango mkubwa ila watu wanayapanga vibaya. M23 walichukua Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024, eneo linalotoa kama asilimia 15 ya koltani ya dunia, ile inayoingia kwenye simu yako, na wataalamu wa UN wakakadiria kundi linapata kama dola 800,000 kwa mwezi kwa kutoza ushuru pale. Hela ya kutosha kuendesha vita. Lakini angalia tarehe, walishakuwa wamerudi vitani tangu Novemba 2021 na Bunagana wameichukua Juni 2022, mji wa mpakani, wa ushuru wa forodha sio wa koltani. Na kama madini peke yake yanazaa waasi, hapa Mererani tanzanite ipo tangu 1967, imeleta vurugu, imeleta magendo, imetajirisha watu wa Arusha na wengine imewazika mashimoni, ila waasi hatujawahi kuwaona. Siku serikali iliposema inataka kuzuia magendo ilijenga ukuta wa kilomita 24.5 mwaka 2018 na ukuta ukasimama. Unaweza usiupende, lakini dola ilifika. Madini ni mafuta ya moto, anayewasha moto ni mwingine.

Dini nitaipita haraka. Inampa kijana lugha ya hasira yake, inampa kundi nidhamu na ndugu wa mbali wenye hela, ila mahubiri yaleyale yanasikika Tanga na Zanzibar na hakuna mji uliochukuliwa. Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji pale jirani na Mtwara, watu wanaongea Kimakonde, Kimwani na Kiswahili kama sisi. Shambulio la kwanza lilikuwa Oktoba 5, 2017 Mocímboa da Praia. Kabla yake kulikuwa na gesi kubwa imegunduliwa baharini, kulikuwa na rubi Montepuez ambako mwanzoni mwa 2017 wachimbaji wadogo walifukuzwa kwa nguvu, na kulikuwa na mkoa ambao kwa miaka Maputo iliusikia kwenye redio. Vijana wale walianza na mapanga. Agosti 2020 wakaishikilia Mocímboa karibu mwaka mzima, Oktoba wakavuka wakashambulia kijiji cha Kitaya upande wetu, Machi 2021 wakaingia Palma na mradi wa gesi wa TotalEnergies ukasimama.

Jirani sasa, na hapa kijiwe huwa kinawaka. Wataalamu wa UN waliripoti 2024 kwamba kuna wanajeshi wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 ndani ya Kongo pamoja na M23, na Februari 2025 Baraza la Usalama kwenye azimio namba 2773 likaitaka Rwanda iache kuwaunga mkono na iondoe askari wake. Rwanda imekuwa ikikana, inasema tatizo lake ni FDLR, kundi lililotokana na waliofanya mauaji ya kimbari ya 1994, ambalo lipo Kongo na limepigana upande wa jeshi la Kongo. Hiyo historia tunaijua sana hapa Arusha, makubaliano ya Rwanda ya Agosti 1993 yalisainiwa hapa, na mahakama ya waliohusika na mauaji ilikaa hapa mpaka 2015. Kwahiyo mtu akikwambia bila jirani M23 wasingefika walipofika, yuko sahihi. Ila mwambie amalizie sentensi: jirani mdogo anaweza kufanya hivyo kwasababu gani? Hakuna anayethubutu kuipeleka M23 Mwanza.

Kuna kosa lingine ambalo Kinshasa ililirudia yenyewe, la kununua amani kwa vyeo. CNDP, kundi la waasi lililoanzishwa na Laurent Nkunda, lilisaini makubaliano na serikali Machi 23, 2009, wapiganaji wakaingizwa jeshini na makamanda wao wakabaki na watu wao walewale, Kivu ileile (mikoa ya mashariki penye Goma na Bukavu), biashara zilezile. Bosco Ntaganda, mmoja wa makamanda hao, tayari anatafutwa na ICC, mahakama ya kimataifa ya jinai, akawa jenerali anayekula Goma hotelini. Aprili 2012 walipoona wanataka kuhamishwa na kuvunjwa wakaasi, wakajiita M23 kwa kumbukumbu ya ile tarehe. Kila kundi dogo msituni likajifunza kwamba njia ya haraka ya kuwa kanali ni kuasi kwanza. Baadae serikali ikaja na Wazalendo, makundi ya vijana wa vijiji wakapewa silaha wapigane na M23. Nitashangaa sana kama hilo halitaleta kesi nyingine miaka ijayo.

Mbona 2013 M23 walipigwa?

Swali zuri, na ndo linaloonyesha kwamba hakuna kilichoandikwa mbinguni. M23 waliichukua Goma mara ya kwanza Novemba 20, 2012, wakatoka baada ya siku kama kumi. Machi 2013 UN ikaunda brigedi maalumu ya kushambulia, askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, kamanda wake wa kwanza akiwa Mtanzania, Jenerali James Mwakibolwa. Novemba 2013 M23 wakatangaza wameacha vita. Watu wa kwetu wanapenda kusema vijana wetu waliwamaliza, na kazi waliifanya kweli, ila tukisimulia hivyo tu tunajidanganya. Vitu vitatu vilikutana mwaka mmoja: brigedi yenye ruhusa ya kupiga, wafadhili walioikatia Rwanda misaada mpaka sapoti ikapungua, na jeshi la Kongo ambalo kwa kipindi kile upande wa Goma lilikuwa na makamanda wa maana kama Kanali Mamadou Ndala na askari wanaokula. Ndala aliuawa Januari 2014. Mishahara ikarudi ilivyokuwa. Waliojisalimisha wakakaa makambini Uganda na Rwanda miaka wakisubiri ahadi. Mwaka 2021 wakarudi.

Jeshi la SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, lililoenda Kongo Desemba 2023 lilikuwa na nchi zilezile tatu. Vitu viwili vingine havikuwepo, na Machi 2025 SADC ikalifuta.

Wakati mwingine kundi halitaki hata kuteka. Mali, JNIM, kundi lenye uhusiano na al-Qaeda, walianza Septemba 2025 kuchoma malori ya mafuta yanayoingia kutoka Senegal na Ivory Coast, mji mkuu Bamako ukakosa petroli mpaka shule zikafungwa wiki mbili nchi nzima. Mji mkuu ulibaki na rais wake na bendera yake, barabara tu ndo zilikuwa za wengine.

Na kuteka sio mwisho wa kazi kwa waasi pia, hilo M23 wameliona Goma. Siku chache baada ya kuingia waliteua gavana wao, wakaweka viongozi, wakawa na kila kitu cha kuonekana kama serikali. Kinshasa ikafunga benki, uwanja wa ndege ukafungwa, watu wenye akiba zao wakawa wanavuka mpaka kwenda Gisenyi kutoa hela kwa simu na kukatwa asilimia. Aprili 2025 M23 wakaifufua CADECO, benki ya akiba ya zamani ya serikali, wakakata utepe mbele ya kamera. Fedha za kuiweka ndani ndo ikawa shughuli nyingine.